Vuk Branković: kodi alilipa, vitani hakwenda

Novemba 1392 Vuk Branković, bwana wa Kosovo, alitoa hati kwa monasteri ya Hilandar iliyoko Mlima Athos. Shauri lake lilikuwa kugawana mzigo: mashamba ya watawa yaliyomo ndani ya nchi yake yachangie vipi kodi inayokwenda kwa Waturuki. Ni hati ya mashamba na malipo, ya aina ambayo mtu huipita haraka akitafuta habari za vita. Lakini kodi hiyo ndiyo habari yenyewe. Tangu vita ya Kosovo ya Juni 1389 bwana huyu alikuwa amekataa katakata kumwinamia Sultani Bayezid wa Waosmani, yaani hao Waturuki, na ni hati hii inayotuonyesha kwamba sasa amekubali.

Miaka mitano baadaye alifia kifungoni mwa sultani huyohuyo. Karne mbili zikapita, na watu wa kwao wakamkumbuka kwa jina moja tu: msaliti wa Kosovo, mkwe aliyemuuza vitani baba mkwe wake, Lazar.

Kisa chake kinanivutia kwa sababu kinafumbua jambo ambalo hadithi za mashujaa hulifunika. Kuapa utii kwa bwana mkubwa, katika Balkani ya wakati ule, hakukuwa tendo moja. Kulikuwa na kulipa, na kulikuwa na kwenda. Vuk alilipa. Kwenda hakwenda, na hapo ndipo aliponaswa.

Alikotoka na alikooa

Baba yake, Branko Mladenović, alikuwa na cheo cha sevastokrator, kimojawapo cha vyeo vya juu kabisa vya dola, na alishika mji wa Ohrid enzi za Tsar Stefan Dušan wa Serbia. Shina la ukoo lilikuwa Drenica, katikati ya Kosovo. Dušan alifariki mwaka 1355, na mwanawe Uroš akarithi taji bila mkono wa kulishikia. Kila kabaila aliyepewa mkoa ausimamie akaanza kuuita wake. Tarehe 26 Septemba 1371, kwenye mto Marica, Waosmani walilifyeka jeshi la ndugu wawili, Vukašin na Uglješa Mrnjavčević, nao wakafa hukohuko. Desemba ya mwaka huohuo Uroš akafariki bila mtoto. Dola ya Dušan ikabaki jina.

Karibu na wakati huo Vuk alimwoa Mara, binti wa kabaila wa Kiserbia, Lazar Hrebeljanović. Ndoa hiyo ndiyo iliyomkuza. Lazar alikuwa anapanda juu kwenye bonde la mto Morava, na alipoungana na Tvrtko wa Bosnia mwaka 1373 kumwangusha kabaila jirani yao, Nikola Altomanović (aliyepofushwa macho baada ya kushindwa), nchi ikagawanywa na Vuk akapata lake fungu. Đurađ Balšić wa Zeta alipofariki mwaka 1378, Vuk akautwaa Prizren. Kufikia miaka ya 1380 himaya yake ilianzia Skopje kusini, ikapita Prizren, Pristina na Vučitrn, hadi ngome ya Zvečan na nyanda za Sjenica kuelekea Bosnia. Alikuwa na madini ya fedha huko Trepča, na aligonga sarafu zenye jina lake mwenyewe. Mwaka 1387 alitoa hati yake kwa wafanyabiashara wa Dubrovnik, siku chache baada ya Lazar kutoa ya kwake. Mkwe na baba mkwe walikwenda pamoja, lakini kila mmoja na muhuri wake.

Mabinti wa Lazar wanastahili aya yao wenyewe, kwa kuwa anayetaka kuelewa siasa za Balkani za miaka ile anaweza kuanzia kwenye ndoa zao. Mara kwa Vuk. Teodora kwa Nikola Garai, mmoja wa wakuu wa Hungaria. Jelena kwa Đurađ Stracimirović Balšić, bwana wa Zeta kwenye pwani ya Adriatiki. Dragana aliingia nyumba ya kifalme ya Bulgaria. Na wa mwisho, Olivera, aliyetolewa baada ya baba yao kuuawa, akaenda kwa Bayezid mwenyewe. Kwa hiyo Vuk na sultani aliyepambana naye walikuwa wameoa ndugu wawili. Kiswahili kina neno la wanaume wa namna hiyo: wanyumba. Ukiliweka neno hilo kichwani, mengi yanayofuata yatasomeka kama ugomvi wa ukoo wenye majeshi.

Vita iliyopiganwa uwanjani kwake

Uwanja wa Kosovo, karibu na Pristina, ulikuwa ndani ya nchi ya Vuk. Hili husahauliwa. Tarehe 15 Juni 1389 (kwa kalenda ya leo huadhimishwa tarehe 28), Sultani Murad alipokuja na jeshi lake, mashamba yaliyokanyagwa yalikuwa ya Vuk, na barabara iliyokuwa inatafutwa ilipita kwake. Upande wa Waserbia walikuwa Lazar, Vuk, na kikosi cha Tvrtko kilichoongozwa na Vlatko Vuković.

Murad aliuawa. Lazar aliuawa. Bayezid alishika usultani palepale, akaagiza nduguye Yakub auawe, kisha akarudi na jeshi kwenda kukitengeneza kiti kabla mwingine hajakikalia. Vuk alitoka hai.

Nani alishinda? Sisi tunajibu haraka kwa sababu tunajua yaliyofuata. Wao hawakujua. Tarehe 1 Agosti Tvrtko aliwaandikia watu wa mji wa Trogir kuwaarifu kwamba Waturuki wameshindwa, na Oktoba Firenze ikamwandikia kumpongeza. Mfalme wa Bosnia alijitangaza mshindi na jamhuri moja ya huko Italia ikamwamini. Kwa hiyo Vuk alipokataa kwenda kuinama katika miezi ile, hakuwa mtu aliyekosa akili wala aliyetafuta kufa kishujaa. Sultani mmoja amekufa, mwingine ni mpya na yuko mbali, jeshi limeondoka, na watu wa pwani wanapongezana. Ningekuwa mshauri wake ningemwambia asubiri.

Milango, na nani ameshika ufunguo

Lazar aliacha mjane, Milica, na mtoto wa kiume Stefan ambaye alikuwa bado kijana mdogo wa miaka kumi na kitu. Mwanamume mzima pekee mwenye nchi kubwa, fedha na jeshi lililobaki alikuwa mkwe wao, Vuk. Ungetegemea wamkimbilie. Badala yake, kufikia katikati ya mwaka 1390, Milica alikuwa amekubali utii kwa Bayezid, na Olivera akapelekwa kwa sultani.

Kwa nini? Sehemu moja ya jibu iko kaskazini. Vuli ya 1389 Mfalme Sigismund wa Hungaria aliishambulia nchi ya Milica akateka ngome za Borač na Čestin. Bonde la Morava limepakana na Hungaria. Kosovo haijapakana nayo. Milica alikuwa anabanwa pande mbili na ilimbidi achague mmoja kati ya wanaombana awe mlinzi wake. Vuk, aliye kusini, hakuipata shinikizo hiyo ya Hungaria, kwa hiyo hakuwa na haraka ileile.

Sehemu ya pili ya jibu ndiyo ninayoiona nzito zaidi, na ni rai yangu. Utii wa Milica ulikuwa ngao dhidi ya Hungaria, lakini ulikuwa ngao dhidi ya Vuk pia. Mjane mwenye mtoto mdogo, jirani yake akiwa mkwe mwenye nguvu kuliko wote, ana sababu ya kumhofu huyo mkwe kabla ya kumhofu mgeni. Kwa kumpa Bayezid binti na askari, Milica alimnunulia Stefan miaka ya kukua. Na tangu siku hiyo Vuk hakuwa tena na nafasi ya kuingia kwa sultani kama wa kwanza. Kama angeenda mwaka 1390, angekwenda nyuma ya mtoto, kwenye nyumba ambayo funguo zake anazo mama mkwe.

Mfano mmoja wa jinsi mambo yalivyosogea: mifupa ya Lazar. Alizikwa kwanza Pristina, kwenye kanisa la Kupaa, yaani ndani ya nchi ya Vuk. Muda si mrefu, karibu na 1391, mwili ulihamishwa ukapelekwa Ravanica, monasteri aliyoijenga Lazar mwenyewe, ndani ya nchi ya Milica na Stefan. Huko akatukuzwa kuwa mtakatifu, na huko watawa wakaanza kuandika sifa zake. Mwili wa shahidi ulipotoka kwa mkwe ukaenda kwa mwana, haki ya kusema nini kilitokea Kosovo ilisafiri pamoja nao. Vuk hakupoteza ngome hata moja siku ile, ila nadhani hakuna siku aliyopoteza zaidi.

Yeye alikuwa na milango gani mingine? Hungaria ilikuwa mmoja, na Nikola Garai alikuwa mwanyumba wake kupitia Teodora. Lakini Sigismund alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba anakuja kula, hakuja kuokoa. Bosnia ilikuwa mwingine, ila Tvrtko alifariki Machi 1391. Dubrovnik ulikuwa wa tatu, na huo Vuk aliutumia vizuri: mji wa wafanyabiashara wenye kuta na desturi ya kutunza mali ya watu wakubwa. Aliweka huko hazina. Mali iliyowekwa Dubrovnik ingekuja kuwafaa watoto wake kuliko kiapo chochote alichoapa au alichokataa kuapa.

Bayezid hakungoja milango hiyo ifunguke. Majira ya baridi ya 1391 kuingia 1392, jemadari wake, Pasha Yiğit, aliutwaa Skopje. Anayeijua ramani ataelewa mara moja: Skopje ndio mdomo wa korongo la Kačanik, na ukiwa na Skopje unapanda moja kwa moja hadi uwanda wa Kosovo. Vuk alikuwa bado na Pristina, Vučitrn na Zvečan, lakini mlango wa mbele ulikuwa umeng'olewa. Miezi michache baadaye tunakutana na ile hati ya Hilandar na kodi yake.

Kulipa si kwenda

Hapa ndipo kiini cha kisa.

Kodi ile Waserbia waliiita *harač*, neno la Kiarabu *kharaj* lililowafikia kupitia Waturuki. Ina hesabu, ina tarehe, inaweza kugawanywa kwa wakulima, watawa na wachimba madini. Bwana anaweza kuilipa mwaka mzima bila kuinua kichwa chake kuangalia nani anailipa. Tena ina faida moja: inaweza kusitishwa. Siku upepo ukigeuka, unaacha kulipa, na jana yako haijakufunga mikono.

Wajibu wa pili ulikuwa jeshi. Sultani akienda vitani, bwana aliyeapa utii anatakiwa aje na wapanda farasi wake, yeye mwenyewe, mbele ya macho ya watu. Huo hauwezi kugawiwa wakulima. Ukishasimama upande wa Waturuki na upanga wako ukaua Mkristo, Wahungaria wamekuona, watu wako wamekuona, na njia ya kurudi imefungwa. Bayezid alikuwa anajua hili. Sidhani kama askari wa Kiserbia walikuwa muhimu kwake kwa idadi yao peke yake. Alitaka pia watu ambao hawana tena pa kurudi.

Tarehe 17 Mei 1395 kulikuwa na vita huko Rovine, dhidi ya Mircea, mtawala wa Wallachia, kaskazini ya mto Danube. Upande wa Bayezid alikuwako Stefan Lazarević. Alikuwako Marko, mwana wa Vukašin aliyekufa Marica, na alikuwako Konstantin Dejanović, bwana wa mashariki ya Makedonia. Mwandishi wa maisha ya Stefan, Konstantin Mwanafalsafa, anaeleza kwamba kabla ya mapambano Marko alimwambia Konstantin Dejanović kwamba anamwomba Mungu awasaidie Wakristo, hata kama yeye mwenyewe atakuwa wa kwanza kufa katika vita ile. Wote wawili walikufa siku hiyo, wakimpigania mtu waliyemwombea ashindwe. Kama kuna picha moja ya kuning'iniza ukutani ukitaka kueleza utii wa kikabaila kwa wanafunzi, ni hiyo. Marko alikwenda. Moyo wake haukwenda, lakini sultani hakuhitaji moyo, alihitaji aonekane pale.

Vuk hakuwako.

Tarehe 25 Septemba 1396 ikaja Nikopoli, ambako Sigismund aliongoza jeshi la Wahungaria, Wafaransa na wengine waliojiita wapiganaji wa msalaba. Stefan Lazarević na wapanda farasi wake waliingia vitani saa ambayo mambo yalikuwa hayajaamuliwa, wakawashukia Wahungaria. Upande wa pili alikuwako Nikola Garai, mume wa dada yake, ambaye baadaye alitoroka na Sigismund kwa mashua kwenye mto Danube. Stefan aliwapiga shemeji na mfalme ambaye kesho yake angeweza kumhitaji, na kweli baadaye alikuja kumhitaji. Alikuwa na umri wa miaka kama kumi na tisa.

Safari hii pia Vuk hakuwako.

Usimlinganishe na Stefan bila kutazama ramani. Nchi ya Stefan, kwa macho ya Bayezid, ilikuwa ukuta kati yake na Hungaria. Ukuta unaweza kuachiwa mwenyewe. Nchi ya Vuk ilikuwa barabara, kutoka Skopje hadi Bosnia. Mtu anayekaa juu ya barabara yako, analipa kodi, hajitokezi vitani, na ana hazina kwenye mji wa pwani, huyo humwachi. Kufikia 1396 kadhi wa Kituruki alikuwa amekwisha kukaa Gluhavica, kwenye machimbo ya chuma, na ngome za Zvečan na Jeleč zikapita mikononi mwa Waosmani. Tazama ni vituo gani vilivyochukuliwa: njia na madini. Mkulima wa Drenica hakuguswa kwanza.

Kisha Vuk akakamatwa. Alifariki kifungoni mwaka 1397. Sehemu kubwa ya nchi yake ikapewa Stefan Lazarević, kipande kidogo kikabaki kwa Mara na wanawe watatu, Grgur, Đurađ na Lazar. Aliyekwenda vitani akapewa nchi ya asiyekwenda, na mpewaji alikuwa ndugu wa mke wa aliyenyang'anywa.

Mwaka mmoja baadaye, kwa Stefan

Ili tuone Vuk alikosa nini, tuangalie Stefan naye aliposhukiwa. Mwaka 1398 baadhi ya makabaila wake walimchongea kwa Bayezid kwamba anashirikiana na Wahungaria. Shtaka lilikuwa zito kuliko la Vuk: Vuk alishitakiwa kwa kutokuwako, Stefan kwa kugeuka.

Waliofunga safari kwenda kwa sultani walikuwa wanawake wawili waliokwisha kuvaa utawa. Mmoja ni Milica, sasa mtawa Evgenija. Mwingine ni Jefimija, mjane wa yule Uglješa aliyekufa Marica, mwanamke msomi ambaye alitarizi kwa nyuzi sifa ya Lazar juu ya kitambaa. Walizungumza, wakafika kwa Bayezid ambaye Olivera yuko nyumbani kwake, na mwisho wake Stefan akasamehewa. Hata mabaki ya Mtakatifu Petka walirudi nayo. Mmoja wa waliomchongea Stefan, Novak Belocrkvić, akauawa.

Mara alikuwa dada wa Olivera vilevile. Kwa damu, mlango wa Vuk ulikuwa sawasawa na wa Stefan. Lakini undugu unahitaji mtu wa kuubeba hadi kizingitini, na mtu huyo alikuwa Milica, ambaye alikuwa na mtoto wake wa kumtetea na hakuwa na sababu ya kumtetea mkwe aliyekalia nchi iliyo karibu na ya mwanawe. Hapa nasoma katikati ya mistari, nakubali; lakini waliofaidi mwaka 1397 na waliosamehewa mwaka 1398 ni nyumba moja.

Angefanyaje?

Wapo wanaosema alikosea kukataa miaka mitatu ya mwanzo. Mimi sioni hivyo. Miaka ile mitatu aliitumia kama mtu asiyejua nani atashinda, kwa sababu kweli hakuna aliyejua. Kosa, kama ni kosa, lilikuja baada ya 1392. Alijiweka katikati: amejishusha vya kutosha kupoteza heshima ya mpinzani, na hajajitoa vya kutosha kupata kinga ya mtumishi. Katikati ni mahali pazuri unapokuwa na bahari nyuma yako, kama Đurađ Stracimirović Balšić wa Zeta, ambaye alitekwa mwaka 1392, akaachia Shkodër na Drivast ili aachiwe, kisha mwaka 1395 akairudia miji yake kwa nguvu. Balšić alikuwa na Venisi ya kukimbilia. Vuk alikuwa na milima pande zote.

Angeweza kwenda Rovine. Pengine angekufa kama Marko, na leo angeimbwa. Marko, aliyefia upande wa Waturuki, ndiye shujaa mkubwa wa nyimbo za Waserbia, mwenye farasi wake Šarac, mpiga Waturuki hodari! Ukiutafuta uwiano kati ya matendo na sifa katika nyimbo za kale, utachoka.

Na msaliti? Maandishi ya karibu na vita hayamtaji Vuk kwa uhaini. Zipo kumbukumbu za baadaye zinazosema kwa ujumla kwamba baadhi ya makabaila walizembea, bila jina. Shutuma dhidi yake iliandikwa wazi na Mavro Orbini wa Dubrovnik mwaka 1601, karne mbili na zaidi baada ya vita. Nyimbo zikaichukua, au zilikuwa nayo tayari, na ikawa haitoki tena, mpaka Ilarion Ruvarac, mwanahistoria na mtawa wa karne ya 19, alipoanza kuipekua hati kwa hati. Jinsi ilivyozaliwa si vigumu kukisia. Alitoka hai vitani baba mkwe akafa. Watoto wake wakapigana na watoto wa Lazar kwa miaka karibu kumi. Na kalamu zilikuwa Ravanica na jirani zake.

Wanawe walivyosoma somo la baba

Mara na wanawe walikaa na kipande chao, wakaitumia mali iliyobaki, na kufikia 1402 walikuwa wamerudishiwa sehemu kubwa ya nchi ya baba. Julai ya mwaka huo Timur, mtawala mvamizi kutoka Asia ya Kati, alipomkabili Bayezid huko Ankara, Grgur na Đurađ Branković walikuwa kwenye safu za sultani aliyemfunga baba yao. Grgur alitekwa, akakombolewa kwa fedha. Walikwenda, kwa maana zote za neno hilo. Novemba ya mwaka huohuo, huko Tripolje karibu na Gračanica, Đurađ na Waturuki waliomuunga mkono walipigana na mjomba wake Stefan, kwenye udongo uleule wa Kosovo.

Mjomba na mpwa walikuja kupatana, na kwa kuwa Stefan hakuwa na mtoto, alipofariki mwaka 1427 nchi yote ikaenda kwa Đurađ. Mwana wa "msaliti" ndiye aliyerithi kiti cha mwana wa mtakatifu, na ndiye aliyeijenga ngome kubwa ya Smederevo kando ya Danube. Alifanya kila ambalo baba yake hakulifanya. Alilipa, alituma askari, na alimwoza binti yake, naye akiitwa Mara kama bibi yake, kwa Sultani Murad wa Pili. Pamoja na hayo yote, Smederevo ikatekwa mwaka 1439, na mwaka 1441 wanawe wawili, Grgur na Stefan, waliokuwa mikononi mwa sultani, wakapofushwa macho huku dada yao akiwa mke wa mwamrishaji. Walirudishwa kwa baba yao mwaka 1444, wakiwa vipofu.

Mwaka 1453 Sultani Mehmed alipouzunguka mji wa Konstantinopoli, Đurađ, sasa mzee, alituma wapanda farasi 1,500 kama mkataba ulivyomtaka. Mfalme aliyekuwa ndani ya kuta hizo, Konstantin wa Kumi na Moja, mama yake alikuwa Jelena, binti wa yule Konstantin Dejanović aliyekufa Rovine upande wa Waturuki.